DENI LA JIBU

Lipo kosa moja lililorudiwa mara nyingi katika mafundisho ya utungaji wa programu hata limevaa sura ya kweli. Kosa hilo ni kusema kwamba kolibeki ni mbaya kwa sababu sura yake ni mbaya. Mwanafunzi huonyeshwa ukurasa ambao mistari yake yaingia ndani hatua kwa hatua, kila amri imo tumboni mwa nyingine, na chini yake mabano ya kufunga yamepangana kama ngazi iliyopinduliwa. Huambiwa, "Tazama ubaya huu, sasa tazama dawa yake." Dawa huletwa, mistari hunyooka, mwanafunzi hufurahi, na somo hufungwa. Mimi nalipinga somo hili. Silipingi kwa kuwa dawa ni mbaya, bali kwa kuwa ugonjwa haukutajwa. Mtu aliyetibiwa ugonjwa asioujua hana budi kushangaa siku utakapomrudia, na mimi nimeuona ukirudi.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina nini na jarida la insha. Jibu langu ni fupi. Programu ni maandishi. Huandikwa na mtu, na husomwa na watu wengine kabla na baada ya kusomwa na mashine. Ndani yake mna sentensi za kuamuru, za kuahidi na za kujibu. Tena ni maandishi yanayogusa maisha ya watu wetu leo kuliko mengi tunayoyasifu. Ada ya mtoto, mshahara wa mwalimu na bei ya dawa hupita katika amri zilizoandikwa na kijana mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta usiku. Akiandika vibaya shairi, msomaji atafunga kitabu. Akiandika vibaya programu, mtu mwingine atalia, naye hatajua ni nani aliyemliza. Maandishi ya namna hii yastahili kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia maandishi mengine: je, yasema kweli, na je, yatimiza yaliyoyasema?

Kwanza tupatane juu ya maneno. Fankisheni ni fungu la amri lililopewa jina. Hupewa kitu, hufanya kazi yake, na hurudisha jibu. Ukiipa fankisheni ya kwanza bei ya unga, ikarudisha bei pamoja na kodi, jibu lile laweza kupewa fankisheni ya pili ambayo huandika stakabadhi. Huku ndiko kuunganisha: jibu la moja huwa chakula cha nyingine. Nguvu yote ya utungaji wa programu imo hapa, maana kwa njia hii kazi kubwa hujengwa kwa kazi ndogo ambazo kila moja yafahamika peke yake.

Lakini zipo kazi ambazo jibu lake halipatikani papo hapo. Kuuliza hazina ya data iliyo katika mashine nyingine, kusoma faili, kungoja mtu abonyeze namba yake ya siri katika simu. Haya huchukua muda, na kwa kompyuta iwezayo kufanya mamilioni ya hesabu katika sekunde moja, sekunde mbili ni umri. Basi programu haikai ikangoja. Hutoa agizo lake pamoja na fankisheni nyingine, ikisema, "Jibu likija, iite hii." Fankisheni hiyo iliyotangulizwa ndiyo kolibeki. Wako waliopenda kuiita wito wa kurudi. Mimi nimeliacha neno kama litamkwavyo na watunga programu, nikalivika kanzu ya matamshi yetu, kwa sababu "wito wa kurudi" humfanya msikilizaji adhani kwamba yule aliyeagiza ndiye atakayerudi. Hakuna anayerudi. Aliyetoa agizo amekwisha kwenda zake, na atakayeita ni mwingine kabisa. Katika tofauti hiyo ndogo ndimo ulimolala ugonjwa.

Fankisheni ya kawaida, ukiiita, yakutia jibu mkononi. Kazi ya kolibeki haikutii kitu mkononi. Waitoa fankisheni yako, nawe waondoka mikono mitupu; umemkabidhi mwingine mamlaka juu ya mwendo wa kazi yako. Kutoka hapo yazuka maswali manne. La kwanza, je, ataita kweli? La pili, ataita mara ngapi? La tatu, ataita lini: sasa hivi kabla hujamaliza sentensi yako, au baadaye? La nne, kazi ikiharibika, habari za kosa atapelekewa nani? Maswali haya manne ndiyo mkataba wa kolibeki. Nimeyahesabu, nikayapitia tena, wala sikuona hata moja linalouliza mistari imeingia ndani kiasi gani.

Historia nayo yashuhudia kuwa jambo lenyewe ni mkataba. JavaScript iliundwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, ili kurasa za intaneti ziweze kusikia mtu akibonyeza kitufe. Lugha hii huenda kwa uzi mmoja, haifanyi amri mbili zake kwa wakati mmoja, na fankisheni ndani yake yaweza kupokezanwa kama kitu kingine chochote. Kwa sababu hiyo kolibeki ilikuwa mwenyeji wake tangu mwanzo. Mwaka 2009 Ryan Dahl alipotoa Node.js, akaipeleka lugha hiyo katika seva, desturi mbili zilishikwa: kolibeki huwekwa mwisho wa vitu vinavyopewa fankisheni, na nafasi yake ya kwanza huwa ya kosa. Hizo zilikuwa nusu ya mkataba. Nusu ya pili, yaani kuita mara moja tu, na kuita baadaye sikuzote, iliachwa mikononi mwa uaminifu wa kila mtungaji.

Wala haikuwa kwamba dunia haikujua njia nyingine. Daniel Friedman na David Wise walikwisha kuandika juu ya "ahadi" mwaka 1976, na mwaka 1988 Barbara Liskov na Liuba Shrira wakaonyesha jinsi ahadi iwezavyo kushika jibu lisilokuwa tayari. Node.js yenyewe ilikuwa na ahadi katika siku zake za kwanza, zikaondolewa mapema mwaka 2010. Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Berlin, Dahl aliyataja mwenyewe mambo anayoyajutia katika kazi ile, na kutoshikamana na ahadi kulikuwa miongoni mwa majuto hayo. Silitaji jambo hili kwa kumcheka. Mtu akirie kosa lake mbele ya watu amewafundisha zaidi ya yule asiyekosea. Nalitaja ili ijulikane kwamba hata mwenye nyumba alikuja kuona kuwa msingi ulipungukiwa na kitu, na kitu hicho hakikuwa rangi ya ukuta.

Sasa nije kwa neno ambalo wapinzani wangu hulisema kwa sauti kubwa: kwamba kolibeki haziunganishiki. Si kweli. Andika fankisheni moja ndogo, ambayo hupokea kazi mbili za aina hii na kurudisha kazi ya tatu ya aina ile ile. Kazi hiyo ya tatu, ikipewa kitu na kolibeki, huita kazi ya kwanza. Ya kwanza ikijibu kwa kosa, kosa hupelekwa moja kwa moja kwa kolibeki ya mwisho. Ikijibu kwa heri, jibu lake hukabidhiwa kazi ya pili pamoja na kolibeki ile ile. Mistari yake haizidi kumi. Ukiisha kuwa nayo, waweza kuunga kazi tatu, nne au ishirini, na ngazi ile iliyopinduliwa hutaiona tena. Basi sura mbaya ilikuwa na dawa tangu siku ya kwanza, kwa kolibeki zenyewe, bila ya kuongeza hata neno moja katika lugha.

Lakini kiungo hicho husimama kwa sharti moja: kila kazi itimize mkataba. Ikitokea moja ikaita mara mbili, zote zinazoifuata zitafanywa mara mbili. Ikitokea moja isiite, zilizobaki zitangoja milele, bila kelele wala kosa. Ikitokea moja hujibu papo hapo leo kwa kuwa jibu limo katika kumbukumbu ya karibu, na kesho hujibu baadaye kwa kuwa halimo, mpangilio wa matendo hubadilika siku kwa siku, na mtungaji hutafuta kosa ambalo hutokea Jumanne likakosekana Jumatano. Kiungo hakikuharibika, waliounganishwa ndio waliovunja mkataba. Hivi ndivyo nionavyo: kuunganisha kolibeki ni kuunganisha wajibu, na mnyororo wa wajibu hukatika palipo na mtu mmoja asiyejua kuwa anadaiwa.

Nitasimulia lililonipata, na lawama yake ni yangu. Zamani kidogo nilikuwa mmoja wa watu watatu waliotunga programu ya kupokea ada za chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mzazi alilipa kwa simu. Habari za malipo zikaja kwetu. Programu ikatafuta namba ya mwanafunzi, ikaandika malipo katika hazina ya data, kisha ikatuma ujumbe wa stakabadhi. Zilikuwa kolibeki tatu, moja ndani ya nyingine. Tuliona aibu kwa ngazi ile, basi tukakaa siku mbili tukaipa kila kolibeki jina lake na kuitoa nje ya tumbo la mwenziwe. Ukurasa ukanyooka kama safu za mkonge. Mkubwa wetu akatusifu, nasi tukajisifu zaidi.

Siku ya mwisho ya kulipa ada wazazi walikuwa wengi, na hazina ya data ikakataa kuandika baadhi ya malipo kwa sababu milango yake ilikuwa imejaa. Kosa lilikuja kama desturi ilivyotaka, katika nafasi ya kwanza ya kolibeki ya pili. Kolibeki hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa nimeandika kwamba kosa likiwapo, fankisheni ikome hapo hapo. Ikakoma. Haikumwita aliyefuata, haikuandika neno katika daftari la makosa, haikurudisha habari kwa yeyote. Asubuhi yake mama mmoja muuza samaki alikuja ofisini amechukua simu mkononi. Fedha zilikuwa zimetoka, simu yake ilishuhudia. Jina la mwanawe halikuwamo katika orodha, na kijana alikuwa amezuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Tulipotafuta tulikuta malipo kumi na moja ya namna hiyo. Kijana yule alifanya mtihani wake baada ya miezi mitatu, pamoja na walioshindwa, hali yeye hakushindwa.

Mama yule aliniuliza neno moja ambalo sijalisahau: "Mwanangu, fedha yangu ilifika ikamkuta nani?" Nilitazama ukurasa wetu ulionyooka, nikaona kuwa sikuwa na jibu. Fedha ilifika ikamkuta mtu aliyepokea habari mbaya akaenda kulala. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulikuwa tumeyaficha maradhi ndani ya maandishi mazuri, na kilio hakikuwa chetu; kilikuwa cha mwingine.

Wengine watasema kwamba tungalizungushia kazi yote ua wa kukamata makosa, mambo yasingefika huko. Hawa hawajui kolibeki hufanya nini. Ua wa kukamata makosa hulinda amri zinazotendeka wakati ua umesimama. Kolibeki huitwa baadaye, wakati aliyetoa agizo amekwisha maliza kazi yake na ua wake umekwisha kunjwa. Kosa likitupwa ndani ya kolibeki, halina ua wa kulizuia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na fimbo iliyokwisha kurudishwa nyumbani haimui hata aliye karibu.

Sasa ziingie ahadi, ambazo zilikubaliwa rasmi katika JavaScript mwaka 2015. Ahadi ni kitu. Hili ndilo neno kubwa, na ndilo lisilosemwa darasani. Fankisheni hairudishi tena mikono mitupu; hurudisha kitu unachoweza kukishika, kukiweka, kumpa mwingine, au kukiunga na kingine, ijapokuwa jibu lenyewe halijafika. Kushika huku ndiko kunakorudisha kuunganisha kwa kawaida. Tena ahadi imeyatwaa baadhi ya maswali yale manne ikayatia ndani ya mashine. Mara ngapi? Mara moja tu. Ahadi ikiisha kutimizwa au kuvunjwa, kila jaribio la pili hupuuzwa. Lini? Baadaye sikuzote, baada ya amri zilizo mbele kwisha, hata kama jibu lilikuwa tayari. Kosa huenda kwa nani? Hushuka katika mnyororo mpaka limpate wa kulipokea. Yaliyokuwa uaminifu wa mtu yamekuwa kanuni ya lugha. Hilo ni jema kweli kweli, nami nalisifu bila kinyongo.

Walakini tuhesabu vema. Maswali yalikuwa manne. La pili na la tatu yamejibiwa kabisa. La nne limejibiwa nusu, kwa kuwa kosa lashuka mnyororo, lakini asipokuwapo mtu mwishoni, laanguka chini. Tangu toleo la 15 la Node.js, lililotoka mwaka 2020, ahadi iliyovunjika isiyo na wa kuipokea huiangusha programu nzima. Kabla ya hapo onyo lilitolewa na kazi ikaendelea. Nimewasikia watu wakilalamikia ukali huu. Mimi nauona ni uadilifu, maana programu ianguka mchana kweupe ni afadhali kuliko isemayo "vyema" na huku yameza malipo kumi na moja. Na swali la kwanza, je, ataita kweli, halikujibiwa hata kidogo. Ahadi yaweza kukaa bila kutimizwa wala kuvunjwa hata mashine izimwe. Asiyeweka muda wa mwisho wa kungoja amesaini deni lisilo na siku ya kulipwa.

Kisha likaja neno la kungoja, lililoingia katika lugha mwaka 2017, baada ya kutangulia katika C# mwaka 2012. Kwa neno hili mtungaji huandika kazi zisizongojana kana kwamba zangojana, mstari chini ya mstari, na hata ua wa kukamata makosa hurejea kufanya kazi yake. Hapo ndipo shangwe zilipozidi. Wakaanza kusema kwamba kolibeki zimekufa, na kwamba vijana wasipotezewe muda kwa mambo ya kale. Hawa ndio ninaoshindana nao zaidi, kwa kuwa wale wa kwanza walikosea kwa uchache wa zana, na hawa wakosea hali zana wanazo.

Baada ya msiba wetu, kijana hodari aliajiriwa akaiandika programu yote upya kwa neno la kungoja. Ilipendeza kusomwa. Katika kazi ya jioni aliitaka programu ipitie malipo ya siku nzima, iyaandike moja moja katika daftari la chuo, kisha itoe habari kuwa kazi imekwisha. Kwa kupitia orodha alitumia zana ya zamani ya lugha, ile ambayo hupewa orodha na fankisheni, ikaiita fankisheni hiyo kwa kila kitu kilichomo. Ndani ya fankisheni hiyo aliandika neno la kungoja mahali pake. Kila jioni habari ilikuja: "Kazi imekwisha." Ilikuja kabla ya malipo hata moja kuandikwa. Usiku mmoja mashine ikawashwa upya mara tu baada ya habari ile, na malipo ya jioni hayakuonekana katika daftari.

Kwa nini? Kwa sababu fankisheni aliyoitoa kwa zana ile ilikuwa kolibeki. Zana ile ni ya kale kuliko ahadi. Huita fankisheni na kulitupa kila inachorudishiwa. Kila malipo yalirudisha ahadi yake, na kila ahadi ilitupwa jaani bila kungojwa na mtu. Yeye alifundishwa kuwa kolibeki zimekufa, basi hakuitambua alipoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ugonjwa uliotajwa kwa sura yake tu ulikuja kwa sura nyingine, ukakaribishwa ndani kama mgeni mwenye heshima.

Lipo na kosa la pili la watu wa neno la kungoja, nalo ni kudhani kuwa kuunganisha ni kupanga foleni. Tuseme ukurasa wataka mambo matatu kutoka mashine tatu, na kila moja hujibu kwa sekunde mbili. Hakuna kati ya hayo linalotegemea jingine. Anayeandika kungoja, kungoja, kungoja, mmoja chini ya mwingine, amemkalisha mteja sekunde sita. Anayezishika ahadi zote tatu kwanza, akazingoja kwa pamoja, amemkalisha sekunde mbili. Huyu wa pili alijua kuwa ahadi ni kitu kinachoshikika; yule wa kwanza alijua kuwa ni mstari unaonyooka. Naye azingojaye kwa pamoja hana budi kuchagua: moja ikivunjika, zote zihesabiwe zimevunjika, au kila moja ipewe hukumu yake? Lugha yampa njia zote mbili, lakini haimchagulii. Uchaguzi huo ni wajibu wake, na wajibu hauonekani kwa kutazama upana wa ukurasa.

Na wale wasemao kolibeki zimekufa na waje watazame fedha za simu, ambazo ndizo kazi halisi ya watungaji wengi wa Afrika Mashariki. Katika mlango ambao M-Pesa ya Kenya imewafungulia watunga programu, ombi la kumtaka mteja alipe kwa simu yake hujibiwa mara mbili. Jibu la kwanza huja upesi, nalo lasema tu kuwa ombi limepokelewa, pamoja na namba yake ya kulitambulisha. Jibu la pili ndilo lisemalo kama mteja amelipa au amekataa, nalo huja baadaye, likipelekwa kwa anwani ambayo mtungaji alikwisha kuitoa katika ombi lake. Anwani hiyo ni nini kama si kolibeki? Umempa mwingine mahali pa kukuita, ukaenda zako.

Hapo neno la kungoja halikufai kitu, kwa kuwa ahadi ya lugha huishi ndani ya programu moja, nayo programu yaweza kuzimwa kati ya agizo na jibu. Maswali manne yarudi mlangoni yakiwa makubwa kuliko mwanzo. Ataita kweli? Mtandao waweza kukatika. Basi hifadhi namba ya ombi kabla ya yote, weka muda wa mwisho, na muda ukipita nenda ukaulize mwenyewe hali ya malipo, maana njia ya kuuliza ipo. Mara ngapi? Usiamini kuwa ni mara moja. Tambua kila jibu kwa namba yake, na jibu lililokwisha kuandikwa lisiandikwe tena. Lini? Huenda likafika kabla programu yako haijamaliza kuandika ombi; jiandae. Kosa ni la nani? Ni lako, mpaka liandikwe mahali ambapo mtu mwenye macho atalisoma asubuhi. Anayelichukua jibu la kwanza akaliita malipo, kwa kuwa lilikuja bila kosa, amempa mtu mzigo kwa salamu.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema, "Wewe wataka kuturudisha nyuma, tuandike ngazi tena." La. Mimi mwenyewe naandika kwa neno la kungoja kila siku, wala siwezi kumshauri mtu aache jembe zuri kwa kuwa babu yake alilima kwa kijiti. Nakataa jambo moja tu: kulisifu jembe kwa kung'aa kwake. Wa pili atasema, "Mwanafunzi wa kwanza hawezi kubebeshwa haya yote." Nami namwuliza, ni lipi katika maswali manne lisiloweza kufahamika na mwanafunzi? Mtoto aliyetumwa dukani na mama yake ayajua yote. Ajua kuwa asiporudi atatafutwa, kuwa akinunua mara mbili ataulizwa, kuwa akichelewa chakula hakitapikwa, na kuwa akipoteza fedha njiani lazima aseme. Hatuhitaji elimu mpya. Twahitaji kuwaambia vijana kuwa elimu waliyolelewa nayo nyumbani ndiyo hii hii.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja nzito, atasema kwamba lugha njema ni ile imwondoleayo mtu mzigo wa kukumbuka, na kwamba siku moja lugha zitayajibu maswali yote manne zenyewe. Nakubali nusu ya kwanza. Kila swali lililotiwa ndani ya mashine ni msiba mmoja uliopungua, na wajenzi wa lugha wastahili shukrani. Nusu ya pili siikubali, maana maadamu programu zetu zaitana kupitia waya zilizo nje ya lugha, na maadamu mwisho wa waya kuna mtu anayefikiri kabla ya kubonyeza namba ya siri, swali la "ataita kweli?" halitajibiwa na lugha yoyote. Litajibiwa na mtungaji aliyekaa akafikiri itakuwaje asipoitwa.

Basi nawataka walimu wenzangu tufanye haya. Tuanze somo kwa kolibeki zenyewe, na kila tunapoandika moja tuyaulize maswali manne kwa sauti. Tumfundishe mwanafunzi kuiandika kwa mkono wake ile fankisheni ndogo ya kuunganisha, ili aone kwamba haikuwa muujiza. Tumpe kazi mojawapo iliyovunja mkataba, yenye kuita mara mbili au isiyoita kabisa, tumwache atafute mpaka achoke. Uchovu huo hatausahau. Ndipo tumpe ahadi, tukimwonyesha ni maswali yapi zimeyajibu na ni yapi zimemwachia. Mwisho tumpe neno la kungoja, na tumwambie kuwa chini ya kila neno hilo ipo ahadi, na chini ya ahadi ipo kolibeki, na chini ya kolibeki yupo mtu anayengoja jibu.

Kiswahili kimetupa msemo ulio tayari kwa kazi hii, wala hatuna haja ya kuuazima ugenini: ahadi ni deni. Wengi wameitwaa nusu ya kwanza ya msemo wakaifanya mapambo ya ukurasa. Nusu ya pili ndiyo programu. Nami kila niandikapo mstari wa kupokea kosa, humkumbuka mama yule na simu yake mkononi, nikajiuliza fedha yake ikifika leo itamkuta nani.